Kitufe cha Nimetoka

Mume wangu alichoma makaa ya mawe kwa miaka thelathini na moja. Alikuwa msimamizi wa tanuri kwenye kiwanda cha saruji, na moto uliopita mikononi mwake ungeweza kupasha nyumba zote za mji wetu wa Jecheon, na za wilaya ya pili, na bado ukabaki wa kuchomea viazi. Siku aliyostaafu walimpa keki na saa ya ukutani. Keki akaila, saa akaitundika sebuleni, na kuanzia kesho yake akawa mtu wa kusimama nyuma yangu kila nikifungua jokofu.

"Mama Ki-beom, unatafuta nini humo?"

"Natafuta kabichi ya kimchi."

"Jana ilikuwa pale pale. Tafuta kwanza kichwani, halafu ndiyo ufungue."

Huyo ndiye Pyo Man-cheol. Mimi naitwa Seok Jeom-sun, ila jengo zima linaniita Mama Ki-beom kwa jina la mwanetu, ambaye ndiye wa kwanza na wa mwisho. Tunakaa ghorofa ya saba. Chini yetu, ghorofa ya sita, yuko Bi Cha, mjane wa dereva wa treni. Namtaja mapema kwa sababu joto tulilokuwa tukiishi nalo lilikuwa la kwake.

Nikueleze kwanza nilichokuwa nakitaka, usije ukadhani nilikuwa na tamaa ya makuu. Nilitaka mjukuu wangu, Da-on, alale nyumbani kwangu usiku mmoja. Aamke nywele zimesimama, aniulize kuna nini cha kula. Basi.

Mwaka jana sikukuu ya Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi walikuja kutoka Suwon, Ki-beom, mkewe na mtoto, na mabegi ya kulala. Da-on alikuwa na miaka minne. Akavua soksi, kama watoto wetu wote wanavyofanya wakiingia ndani, akaweka unyayo sakafuni, akauondoa haraka. Akanitazama kwa huruma kabisa.

"Bibi, sakafu yenu imekufa?"

Mtoto aliyezaliwa juu ya sakafu yenye mabomba ya maji moto, utamwambia nini? Nikacheka, nikamvalisha soksi zangu. Babu yake, ambaye ndiye aliyeiua, akamweleza kwamba baridi inamfanya mtoto awe na akili. Ilipofika saa nane mchana akili ilikuwa inamtoka puani. Mama yake akapatwa na kichwa. Mkwe wangu kichwa humuuma kwa adabu sana: hasemi neno baya, anashika tu paji la uso na kuangalia saa. Saa tisa gari lilikuwa limeshaondoka, na godoro dogo la maua nililomshonea mtoto likabaki limekunjwa chumbani mwaka mzima. Kila nikifagia nililiona.

Ki-beom ni mtoto mzuri. Oktoba akaleta fundi, akang'oa boila yetu ya zamani, ile inayopasha maji ya mabomba ya sakafu, akaweka mpya inayosikiliza amri za simu. Ukutani kikabandikwa kidude cheupe chenye kioo kidogo na vitufe vitatu: Nipo, Nimelala, Nimetoka.

"Mama, hata nikiwa kazini nitaona nyumba yenu ina nyuzi joto ngapi," Ki-beom akasema. "Mkichoka kubonyeza, nitawabonyezea mimi huko huko."

Fundi akaeleza. Ukiwa ndani, Nipo. Ukilala, Nimelala. Ukitoka kwenda sokoni au safarini, unabonyeza Nimetoka, na boila inazungusha maji kidogo tu, mabomba yasigande.

Nilimwona mume wangu masikio yakisimama.

"Kwa hiyo mtu akitoka, inajua?"

"Haijui, mzee. Wewe ndiye unayeiambia."

"Na ukiiambia, inaamini?"

Fundi akacheka. "Ni mashine, mzee. Itaamini tu."

Ningekuwa na akili ningeking'oa kitufe kile siku ile ile kwa kisu cha jikoni. Mimi nikawa namkatia fundi tunda la persimoni.

Novemba ilipoingia, tulitoka. Yaani tulikaa nyumbani, mimi na yeye, tukitazamana, na ukutani taa ndogo ya kijani ikisema hatupo. Man-cheol aliipenda taa ile kuliko alivyowahi kunipenda mimi. Asubuhi akiamka anaitazama kwanza, anatabasamu, ndipo anaanza kutetemeka.

Madirishani akabandika ile nailoni ya malengelenge wanayofungia vyombo, tabaka mbili, hata sikuweza tena kujua kama nje kuna theluji au jirani kaanika shuka. Juu ya kitanda akasimamisha hema. Sitanii, hema lenye zipu, la kulala ndani yake ndani ya chumba cha kulala. Nina miaka sitini na tisa, nimezaa, nimezika wazazi wanne, wangu na wake, halafu usiku natambaa kwa magoti kuingia hemani kama askari. Tulivaa nguo za ndani za sufu, juu yake za ndani nyingine, juu yake vile vizibao vya pamba vya maua ambavyo kila bibi wa nchi hii anavyo. Chake kilikuwa cha waridi. Alikipenda.

Lakini baridi ningeivumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni kwamba alianza kuyaamini maneno ya mashine.

"Punguza televisheni," ananiambia. "Tumetoka."

"Mimi sijatoka. Niko hapa, nimekaa mbele yako."

"Kwa boila tumetoka. Mambo yawe na mpangilio."

Taa ya sebuleni ikazimwa, kwani watu waliotoka hawaachi taa. Kengele ya mlango ikilia, ananiwekea kidole mdomoni. Kila kilichochomekwa ukutani na hakitumiki anakichomoa: jiko la mchele, redio, chaja ya simu. Siku moja nikamkuta amesimama jikoni gizani anakula kiazi cha jana, cha baridi, bila kutoa sauti. Nikamuuliza kama ni mwizi. Akasema ni nidhamu.

Bi Cha ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia ukweli, kwenye lifti, mbele yangu.

"Mzee Pyo, mwaka huu boila yangu haipumziki. Kila nikiongeza joto, naona linapanda juu halafu linapotea. Hivi huko kwako kuna nini?"

"Kuna uangalifu, Bi Cha."

"Uangalifu wa nani? Wewe unakalia moto wangu. Mimi napika, wewe unaota."

"Joto hupanda lenyewe. Sikuliita."

"Hukuliita, ila umevua viatu ukalikaribisha." Akanigeukia. "Dada, mume wako anapata joto kwa mwanamke mwingine. Usiseme hukuambiwa."

Nilicheka hadi ghorofa ya saba. Mume wangu alitazama namba za lifti zikipanda, hana hili wala lile.

Desemba kamati ya jengo ikampa cheti. Nyumba ya Mfano ya Kuokoa Nishati, herufi za dhahabu, na picha yake ikabandikwa ndani ya lifti ili kila mtu amwone akienda kutupa taka. Akaombwa atoe somo kwenye ukumbi wa wazee, ghorofa ya chini. Wazee thelathini wakaja. Akawaambia kwamba joto la kwanza la mtu ni mwili wake mwenyewe, kwamba kizazi cha sasa kimelegea, kwamba dunia inaugua kwa sababu ya watu wanaotembea ndani bila soksi. Aliyasema hayo amevua koti na kizibao, jasho linamtoka, kwa sababu ukumbi wa wazee una sakafu ya moto kabisa na anayeiwasha si yeye. Hata somo lilipokwisha hakuondoka. Alikuwa anashinda pale tangu saa tatu asubuhi hadi jioni, amejilaza ubavu, anawashauri wenzake wavumilie baridi.

Nami ningeweza kushuka nikajilaza. Nilishuka mara mbili. Ila nilikuwa naona haya, kila mtu ananipongeza.

Katikati ya Desemba jambo likatokea. Nilikuwa jikoni naosha figili, nikahisi kitu miguuni. Nikatulia. Nikavua malapa, nikavua soksi jozi ya kwanza, nikavua ya pili. Sakafu ilikuwa na uvuguvugu. Nikadhani ni dalili ya kufa, kwamba huanzia miguuni. Nikaenda kutazama ukutani: taa nyekundu, Nipo. Ki-beom alikuwa ameona kwenye simu yake kwamba nyumba ina nyuzi kumi na moja, akabonyeza akiwa Suwon. Nikazima bomba, nikalala chali pale pale sakafuni jikoni, na kizibao changu cha maua, nikalia kidogo. Sikumwambia mtu.

Man-cheol aliporudi kutoka ukumbini, nyayo zake zikamchongea mwanawe kabla hajafika sebuleni. Akaenda kwenye kidude, akabonyeza, akatoa simu. Huandika kwa kidole kimoja, akitamka kila neno.

"Usi-guse. Tume-toka."

Jibu likaja upesi. "Sawa, Baba. Vizuri mnatembea. Msikae ndani tu."

"Umeona?" akaniambia. "Amefurahi."

"Amefurahi kwa uongo."

"Uongo gani? Mimi nilikuwa ukumbini. Nilikuwa nimetoka."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Sikujua kwamba wiki mbili kabla ya sikukuu Ki-beom alimwandikia tena. Ujumbe huo nimeusoma baadaye kwenye simu ya mume wangu. Mwanangu aliuliza: "Baba, naona kila siku mmetoka, mchana na usiku. Mmesafiri? Sikukuu tuje tulale, au mtakuwa hamjarudi?" Baba mtu, kwa kuogopa nyumba isije ikawashwa tena kutoka Suwon, akajibu: "Njooni. Tukirudi utaona kwenye simu yako."

Na mimi nikawa nimekaa najiuliza kwa nini mwanangu hapigi. Zamani alikuwa anapiga kila Jumapili jioni, anauliza mmekula nini. Tangu boila ije, Jumapili zikawa kimya. Alikuwa anatuona, si ndiyo? Alikuwa anatuona tumetoka, anafurahi.

Siku tatu kabla ya sikukuu nikamkalia kooni mume wangu.

"Baba Ki-beom, sakafu iliyolala tangu Novemba haiamki kwa saa moja. Tuiwashe leo."

"Leo? Waje keshokutwa, uwashe leo? Utakuwa unampasha nani?"

"Mimi."

Akanitazama kana kwamba nimesema jina la mtu asiyemfahamu. Tukavutana hadi chakula kikapoa, na kwetu chakula kilikuwa hakichelewi kupoa. Mwishoni akakubali shingo upande: siku ya mkesha, alfajiri, nibonyeze Nipo, na isizimwe mpaka mtoto aondoke. Aliapa. Akaapa kwa cheti.

Siku ya mkesha niliamka saa kumi na moja, nikatambaa nikatoka hemani, nikabonyeza mwenyewe. Taa nyekundu ikawaka, na huko kwenye kabati la boila nikasikia ule mngurumo. Nikachomeka simu yangu kwenye chaja, kwa kuwa ilikuwa imebakiwa na chaji kidogo, nikaiacha sakafuni nyuma ya kitanda. Nikabeba beseni la mchele niliouroweka, nikaenda kinuni, kwenye mashine ya kusaga, kusagisha na kukandisha mikate ya mchele ya supu ya Mwaka Mpya. Foleni siku ile huifahamu mpaka uione: mabibi wote wa mji, mabeseni yamepangwa chini kwa mstari yakishika nafasi, na wenyewe tumesimama pembeni tukisengenya wakwe. Nilijisifu. Niliwaambia mjukuu wangu analala kwangu leo.

Nilirudi saa sita kasoro, mikate ya moto kifuani, nikiwa nawaza nianze na kufunga mandu, zile sambusa zetu za kuchemsha, au kutandika godoro. Nikavua viatu. Nikakanyaga sakafu.

Baridi.

Man-cheol alikuwa amekaa sebuleni na blanketi mabegani, anasoma gazeti kwenye mwanga wa dirisha la nailoni. Ukutani, taa ya kijani.

"Umefanya nini?"

"Tulia. Nimepiga hesabu. Wanafika saa kumi na moja jioni. Sakafu inataka saa nne. Ukiwasha alfajiri, ni saa nane nzima unapasha nyumba yenye mzee mmoja."

"Uliapa."

"Niliapa isizimwe. Sikuizima. Niliiambia tu kwamba umetoka. Na ulikuwa umetoka, ulikuwa kinuni."

Nilimtupia mkate wa mchele. Mmoja tu, kwa sababu ni chakula cha sikukuu. Ulimpata kwenye waridi la kizibao ukabaki hapo hapo umenata. Akainuka bila kuutoa, akaenda akabonyeza Nipo, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane akaniuliza kama kuna cha kusaidia jikoni.

Basi tukafanya kazi. Nikafunga mandu mia na ishirini, za nyama na kimchi, yeye akikunja kingo vibaya vibaya. Saa nane sakafu ikaanza kulegea. Saa tisa nikavua kizibao. Saa kumi, nakwambia, nyumba ilikuwa nyumba. Nailoni za madirishani zikatoka jasho. Ile harufu ya sakafu ya karatasi ya mafuta na mbao zilizopata joto ikarudi, harufu ya nyumba ya mama yangu, na nikasahau kwamba nilikuwa na hasira. Nikavunja hema. Nikatandika godoro la maua mahali penye joto zaidi, karibu na ukuta wa jikoni, ambapo zamani tulikuwa tunamweka babu na bakuli la wali. Nikavua soksi zote. Man-cheol naye akavua, miguu yake nikaiona, nilikuwa nimeisahau ilivyo.

"Unaona?" akasema, amejinyoosha. "Saa nne kamili. Nilikwambia."

Saa kumi na moja haikuleta mtu. Na robo, hakuna. Sikukuu barabara hujaa, nikajiambia. Nikaenda kuchukua simu nimpigie Ki-beom, nikaikuta imezimika kabisa, chaja imelala pembeni na waya wake umeviringwa vizuri, umefungwa kwa mpira.

"Nani kachomoa?"

"Ilikuwa inakula umeme na mwenyewe hayupo," akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Nikaichomeka. Ilipowaka tu, ikatetemeka mkononi: Ki-beom kapiga mara nne, tangu saa nne unusu asubuhi. Nikiwa bado natazama, akapiga ya tano. Nikaweka sauti ya wazi.

"Mama. Kumbe mmerudi. Ndiyo kwanza naangalia, naona kumewaka tangu saa sita."

"Tumerudi kutoka wapi?"

"Si mlikuwa safarini?"

"Safari gani, mwanangu? Mko wapi nyinyi? Supu iko tayari."

"Mama, tuko Gangneung. Kwa kina Mama Da-on."

Nikakaa chini. Gangneung ni baharini, kwa wakwe zake, ng'ambo ya milima.

"Alfajiri niliona mmewasha, tukafurahi, tukaondoka saa moja, mapema kuliko tulivyopanga," akasema. "Tumefika kituo cha mapumziko kabla ya njia panda ya Wonju, nikaangalia tena: mmetoka. Nikapiga kwako, haipatikani. Nikapiga kwa Baba, inaita tu. Tumekaa pale dakika arobaini, Mama. Mtoto kala soseji mbili. Mama Da-on akasema pengine mmepita nyumbani kubadilisha nguo tu mkaondoka tena, kama wazee wengine siku hizi, tusiwabane. Njia panda ilipofika hatukukata kuja kwenu, tukanyoosha."

Wonju. Kutoka njia panda ile mpaka mlangoni kwangu ni nusu saa, ukiwa na haraka. Na mkwe wangu nilimsikia nyuma akiosha vyombo kwa mama yake, akiwa na afya nzuri, kichwa hakimuumi hata kidogo. Sikumlaumu. Mlango alifunguliwa na sisi.

"Simu ya baba yako iliita?" nikauliza.

"Iliita, Mama. Mara tatu."

Nikamgeukia Man-cheol. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Niliiona," akasema polepole. "Nilijua ameona taa. Nilijua atanisema."

"Kwa hiyo hukupokea."

"Tulikuwa tumetoka," akasema, na safari hii hata yeye hakulimaliza neno vizuri.

Ki-beom akawa anasema atajitahidi keshokutwa wakati wa kurudi, ila kazi, ila foleni, ila shule ya awali. Nikamwambia sawa, sawa. Nilitaka kumuuliza kwa nini miezi mitatu anatazama kioo cha boila badala ya kunisikia sauti. Huyu na baba yake wamefanana. Kila mmoja amepata mashine ya kumjibia.

Halafu simu ikachukuliwa, nikasikia pumzi ndogo karibu sana.

"Babu."

Man-cheol akasogea kwa magoti mpaka kwenye simu. "Naam, mjukuu wangu."

"Baba anasema mlisafiri muda mrefu. Tangu baridi ianze."

"Mm."

"Kila siku naangalia kwa simu ya baba. Kila siku mmetoka. Mlikwenda wapi?"

"Hatukwenda mbali."

Mtoto akalipokea hilo, akalipima. "Sasa mmeniletea nini?"

Ni swali la haki. Mtu akisafiri miezi mitatu, anarudi na kitu. Man-cheol akatazama godoro la maua, akatazama nguzo za hema nilizoziegemeza ukutani, akatazama cheti. Akanitazama mimi, nimsaidie. Nikamwacha atafute kwanza kichwani.

"Babu? Umekata?"

Hakukata. Ni mtoto aliyechoka kusubiri, akairudisha simu kwa baba yake, na baba yake akatutakia sikukuu njema.

Sakafu ilikuwa imefika pale inapokuwa tamu hasa, inapanda mgongoni. Mume wangu akainuka, akaenda kwenye kidude ukutani, akasimama mbele yake. Mkono ulikuwa umeshapanda.

"Mama Ki-beom," akasema bila kugeuka. "Kwa kuwa hawaji tena."

Nilivaa koti. Nikapanga mandu kwenye sinia, mia na ishirini zote, nikafunika na kitambaa, nikashuka kwa ngazi nisiione ile picha ya kwenye lifti. Bi Cha alifungua mlango kabla sijabisha mara ya pili. Akatazama sinia, akatazama uso wangu, akanivua koti mwenyewe, akaniketisha mahali penye joto. Tukaweka maji ya supu. Juu ya vichwa vyetu hapakusikika hata hatua moja.

"Na mzee?" Bi Cha akauliza, akiwa ameshika bakuli la tatu. "Tumwite?"

"Hayupo," nikasema. "Ametoka."